Tahadhari Arusha na Moshi: "dawa ya kuziba oili" na seti feki za gasketi kwa pikipiki za zamani

Wakuu wenye Honda CG, XL na pikipiki nyingine za zamani, kaeni macho. Kuna biashara inaendeshwa kwa simu na kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukiuliza tu kuhusu injini inayovuja, mtu anakufuata pembeni na kukuuzia "paketi kamili ya Mjapani": seti ya gasketi (karatasi zinazobanwa kati ya vipande vya injini), sili tano au sita (pete za raba zinazozuia oili isitoke pembeni mwa shafti) na kichupa cha dawa. Anataka hela yote itangulie, tena kwenye namba ya mtu binafsi, si lipa namba ya duka, halafu mzigo unaletwa na basi. Ukiufungua pale stendi unakuta boksi jipya linalong'aa, na ndani yake vitu visivyoweza kuzuia hata tone.

Tuanze na kichupa, maana ndicho kinachoharibu zaidi. Unaambiwa umimine kwenye oili, uendeshe siku mbili tatu, uvujaji ukome. Dawa za aina hii zinavimbisha raba, basi. Sili iliyokakamaa inalainika kidogo na kubana, ndiyo maana siku za mwanzo sakafu inakauka na muuzaji anapata sifa. Raba ikizidi kulainika, mdomo wa sili unachanika na lile tone linarudi likiwa mchirizi. Tena kama shafti imeliwa, kava imepinda au kesi (ganda la chini la injini) ina ufa, hakuna dawa ya kumimina itakayojaza pengo hilo. Kumbuka pia kwamba kwenye pikipiki hizi klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Ukiongeza kitu chenye utelezi, klachi inaanza kuteleza: unapandisha Machame au Marangu, injini inalia, pikipiki haisogei. Oili inayofaa ina alama ya JASO MA au MA2 kwenye kopo, yaani kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki. Ushauri wa kuweka oili ya gia, 90 au 140, "ili iwe nzito isivuje" ukataeni kabisa. Asubuhi ya baridi ya Julai oili hiyo inachelewa kufika kwenye roka (vyuma vinavyosukuma valvu), na kule juu chuma kinasagana kikiwa kikavu. Kwa injini kuukuu huku kwetu 20W-50 inatosha.

Sasa sili. Sili ya kweli ina namba tatu usoni, kwa mfano 20x34x7: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, zote kwa milimita. Hizi za kwenye paketi nyingi hazina namba, au zina namba isiyolingana na rula. Igeuze uangalie ndani: pawe na springi nyembamba ya duara iliyokaa vizuri kwenye mfereji wake, na mdomo uwe mkali, laini, usio na vinyuzi vya raba vilivyobaki kutoka kiwandani. Pitisha ukucha taratibu. Ukikwama kwenye kinundu, oili itapita hapohapo.

Gasketi feki zina hatari yake nyingine. Zinakatwa kwa kukisia, na tundu la oili inayopanda kwenye hedi (kichwa cha injini) linaweza kuwa limezibwa nusu au limesahaulika. Uvujaji unaweza hata kupungua, kumbe ni kwa sababu oili haifiki juu, na ndani ya muda mfupi roka zimekwisha. Kabla ya kulipa ilaze gasketi juu ya ile ya zamani, tundu kwa tundu. Linganisha na unene. Gasketi ya chini ya silinda ikiwa nene kuliko ya awali, kwenye injini ambayo valvu zinasukumwa kwa fito, kama CG, nafasi ya valvu inabadilika, na lazima upime tena kwa filagaji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi. Kwa CG125 ni milimita 0.08.

Wanaotumbukia kwenye mtego huu mara nyingi hawajajua oili inatokea wapi. Inavuja juu, upepo unaisukuma nyuma, inadondokea chini ya kava ya sproketi, na kila mtu analaumu sili. Osha injini kwa mafuta ya taa na brashi, kisha sabuni na maji, ikauke kabisa. Nyunyizia poda ya mtoto kwenye maungio yote, nenda kilomita tano mpaka kumi, simama utazame. Poda inageuka kijivu chenye unyevu pale oili inapotokea. Fuata alama iliyo juu zaidi na mbele zaidi. Za chini yake ni michirizi tu.

Na kabla hujafungua bolti yoyote, kagua bomba la pumzi la injini. Likizibwa na tope au likikunjwa chini ya tanki, presha inajaa kwenye kesi na kusukuma oili kupitia kila sili, hata mpya. Livue, lipulize kwa mdomo, lizibue. Pima pia kiwango cha oili: pikipiki isimame wima, na kwenye Honda nyingi za aina hii kijiti kinaingizwa bila kuzungushwa. CG inachukua takriban lita moja. Wengi wanaivujisha kwa kuijaza kupita kiasi.

Ikithibitika ni sili ya sproketi ya mbele, kazi yake ni ya saa moja. Toa kava, cheni na sproketi, safisha mchanga wote kwanza, kisha ing'oe sili kwa ndoano bila kukwaruza shafti wala nyumba yake. Pitisha ukucha kwenye shafti. Ukihisi mfereji, sili mpya ikikaa palepale itavuja. Ipeleke ndani au iache nje kwa milimita moja, kama nafasi ipo, ili mdomo ukanyage chuma kizima. Paka grisi mdomoni, upande wa springi utazame ndani kwenye oili, igonge taratibu kwa soketi inayokaribia upana wa sili yenyewe. Kuna injini ambazo sili hii ina ukingo uliobanwa kati ya kesi mbili; hiyo haitoki bila kupasua injini, na anayesema ataipachika kwa nje anakudanganya.

Yamaha DT na AG100 ni habari nyingine, hizo ni tustroki (injini za mipigo miwili), na oili ya gia iko peke yake. Oili ya gia ikipungua bila tone chini, na moshi mweupe mzito ukatoka, sili ya krenki (shafti kuu ya injini) upande wa klachi imekufa na injini inakunywa oili ya gia. Dawa ya kichupa hapo haina kazi hata kidogo.

Kuna na mafundi wanaoshirikiana na wauzaji hawa, wanaopaka silikoni kila ungio mpaka inafura nje kama dawa ya meno. Ukiiona imefura nje, jua na ndani imefura vilevile. Vipande vinakatika, vinaziba chujio la waya, pampu inakosa oili. Gasketi nzima ya karatasi haihitaji silikoni. Kava iliyochubuliwa na bisibisi inasawazishwa: laza msasa namba 400 juu ya kioo, sugua kava kwa mwendo wa duara mpaka uso wote ung'ae sawa, maliza na 600, osha. Bolti za milimita 6 zikazwe kwa kupishana, Nm 8 mpaka 12 (kipimo cha nguvu ya kukaza), si zaidi. Bolti ya kumwagia oili ikivuja inataka wosha mpya, siyo tepu nyeupe ya mabomba. Wosha ya shaba inaweza kurudiwa: ichome moto mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji, inalainika.

Ukinunua kwa simu, dai picha ya kila sili ikiwa juu ya rula na namba ikisomeka. Akikutumia picha ya boksi tu, achana naye. Kama anasema yuko Moshi na wewe uko Arusha, ni kilomita 80 hivi. Mtume ndugu au rafiki aende akaone mzigo, hela itolewe hapo. Dai risiti ya EFD yenye jina la duka. Kama umeshatuma hela, pigia mtandao wako wa simu dakika hiyohiyo waizuie kabla hajaitoa, na namba ya tapeli itume kwenda 15040. Bidhaa feki yenye nembo ya kampuni ya watu ni ya kuripoti FCC (Tume ya Ushindani), kwa hiyo msitupe boksi, kichupa wala ile karatasi ya basi iliyokuja na mzigo.