Uzio wa kunasa mchanga: mbao, plastiki au nyavu za makumbi? Maoni yangu kwa vikundi vinavyolinda matuta ya pwani

Naandika hii kwa ajili ya vikundi vya kujitolea vinavyojipanga kurudisha matuta ya mchanga ufukweni na vimeanza kuulizia uzio, maana ukienda kwa wauzaji unakuta aina tatu na zote zinasifiwa vilevile. Sisi kwenye kikundi chetu zote tatu tumeshazitumia. Jibu langu fupi: chukueni wa mbao, nyavu za makumbi ziwe za sehemu zilizomomonyoka, na wa plastiki achaneni nao hata mkipewa bure.

Wa mbao ni fito nyembamba zimeunganishwa kwa waya, unakuja umeviringishwa, ukisimama unafika kama mita 1.2, na kati ya ufito na ufito kuna nafasi inayokaribia upana wa ufito wenyewe. Hiyo nafasi ndo kila kitu. Uzio ukiwa wazi karibu nusu, asilimia 50 hivi, upepo unapita lakini unaishiwa nguvu, na mchanga uliokuwa unarukaruka chinichini unadondoka palepale. Ukiziba kama ukuta upepo unagonga, unajikunja, unaanza kuchimba kwenye nguzo zako, kwa hiyo muuzaji akiwaambia fito zikibanana ndo zinanasa zaidi msimkubalie. Upepo mzuri ukipiga nenda ukachungulie kwa karibu, utaona nyuma ya kila ufito kumejichora kimkia chembamba cha mchanga, siku zikienda vile vimkia vinaungana vinakuwa mgongo mmoja mrefu, na hapo hata wale waliokuwa wanasema hii kazi ni ya serikali wanaanza kuja kushika koleo.

Kingine nilichopenda ni kwamba hauhitaji mashine. Roli moja watu wawili wanabeba, nguzo zinachimbiwa kwa mkono kila baada ya mita 3 hivi, wazee kwa vijana kila mtu anapata cha kufanya, na kwa kazi ya jamii hilo si jambo dogo. Ukifukiwa karibu wote mnasimamisha mwingine juu yake, ule wa chini unaozea humohumo ndani ya tuta bila kumdhuru mtu. Kasoro yake ni waya, chumvi ya bahari inaula haraka sana kama haujapakwa zinki, na mzigo mmoja tuliopokea ulikuwa na fito nyingi zimevunjika, kwa hiyo fungueni roli kabla ya kusaini. Nyota 4 kati ya 5.

Sasa plastiki. Ni nyepesi, ni rahisi, inafungwa haraka, na mwanzoni inanasa mchanga vizuri tu. Tangazo linajivunia kwamba haiozi na hapohapo ndo tatizo lilipo, kwa sababu uzio uliofanya kazi yake sawasawa ni uzio uliofukiwa, sasa umefukia plastiki katikati ya tuta halafu ikija dhoruba ikakata mbele ya tuta ile nyavu inachomoza, ukiivuta haitoki yote, sehemu iliyopigwa na jua imeshakuwa kavu inakatika vipande vipande mkononi, vingine vinapeperuka vinaingia majini. Tulichimba kuitoa na ilikuwa imeshikana na mizizi ya majani tuliyopanda wenyewe, ikabidi tung'oe vyote. Na kwenye matundu yake wanyama wadogo na ndege wanaweza kunasa. Nyota 1, na hiyo ni kwa wepesi wa kubeba.

Nyavu za makumbi, yaani zilizosukwa kwa usumba, ni bidhaa nzuri ikiwekwa mahali pake. Hazisimami kama uzio, zinalazwa juu ya mchanga pale palipo na mteremko mkali au upepo ulipochimba shimo. Zinadumu miaka 2 hadi 5 hivi halafu zinaoza, muda unaotosha mimea kushika. Zinauzwa kwa uzito, kuna za gramu 400, 700 na 900 kwa mita ya mraba. Kama mnataka kupanda kupitia humo kamateni zile nyepesi zenye matundu makubwa, nzito ni za mteremko mkali zaidi. Ukingo wa juu lazima uchimbiwe mfereji ufukiwe, la sivyo upepo unaingia chini unainua nyavu nzima. Nyota 4.

Ila hakuna uzio utakaoshikilia tuta bila mimea, hilo wauzaji wengi hawalisemi. Uzio unakusanya mchanga, mizizi ndo inaushika. Ulaya kuna nyasi ya matuta iitwayo marram, Ammophila arenaria, ambayo ukiifukia inazidi kupanda juu, inaweza kuhimili kufukiwa mpaka karibu mita 1 kwa mwaka. Australia na New Zealand wana nyasi yao, spinifex, na pwani nyingi za joto kuna Ipomoea pes-caprae inayotambaa na maua yake ya zambarau. Pandeni ya kwenu! Marram ilipopelekwa California na New Zealand ilisambaa ikaibana mimea ya asili ya matuta ya huko, na mpaka leo watu wanahangaika kuing'oa. Kwa hiyo mkiuziwa uzio pamoja na miche, ulizeni ni mmea gani na mbegu imetoka wapi.

Kama ufukwe wenu kasa wanapanda kutaga msiweke uzio mrefu mfululizo, kasa atagonga arudi majini. Florida wanatumia vipande vifupi vya futi 10 vilivyokaa mshazari, na kati ya kipande na kipande futi 7, na kwa maoni yangu hata pasipo na sheria kikundi kifanye hivyohivyo.

Ambao hamna hela kabisa, pale Lytham St Annes huko Uingereza wanajamii wanafukia miti ya Krismasi iliyokwisha kutumika mbele ya matuta na inanasa mchanga kama uzio wa kununua. Matawi makavu yoyote yasiyo na mbegu za mimea vamizi yanafaa, mradi yasizibe upepo wote.

Kabla ya oda ombeni kwanza kibali kwa mamlaka inayosimamia ufukwe, halafu pimeni toka juu ya mstari wa mwani unaoachwa na maji makuu, kwa sababu uzio uliowekwa chini ya hapo wimbi la kwanza kubwa linaondoka nao. Ongezeni kamba na nguzo fupi kwa ajili ya njia ya watu, njia hiyo iwe na kona isielekee moja kwa moja upepo unakotoka, na kamba hiyo inunuliwe pamoja na uzio, maana miguu ya watu inaua miche mapema kuliko dhoruba.