El reloj: Anayebembelezwa ni Saa, Si Mwanamke

Karibuni, karibuni! Leo tunaye Roberto Cantoral wa Mexico na bolero lake (wimbo wa mapenzi wa mwendo wa polepole) El reloj, yaani "Saa", lile la miaka ya 1950 alilorekodi na kundi la Los Tres Caballeros. Gita la requinto, lile dogo la sauti ya juu, na mambo mengine ya ala, leo nayaruka. Nataka maana, kwa sababu tafsiri nyingi za mtandaoni zinaniudhi kweli. Eti jamaa anamlilia mpenzi wake asiondoke!

Hapana jamani. Sikilizeni tena. Hakuna mstari hata mmoja anaosemeshwa mwanamke. Anatajwa tu, "ella" (yeye), kama mtu asiyesikia. Anayeombwa ni saa yenyewe: usihesabu, simama, ufanye usiku huu usiishe, kusipambazuke kamwe. Safari imeshaamuliwa, alfajiri bibie anakwenda asirudi tena, na sababu hatuambiwi. Kwa hiyo ukiuimba kwa hasira ya mtu aliyeachwa, umeuharibu. Huyu bado hajaachwa! Yuko naye, na kila mlio wa saa unamkata.

Sasa mnaotaka kuuimba, shikeni hapa. Chukua "cuando amanezca otra vez" (kutakapopambazuka tena). Sisi Waswahili kila irabu tunaipa silabi yake, tunapata cuan-do-a-ma-nez-ca-o-tra-vez, silabi 9. Muziki umetenga 7. Ndiyo maana unafika mwisho wa mstari gita limeshakuacha. Unganisha: cuan-doa-ma-nez-cao-tra-vez. Tamka polepole bila muziki, piga kofi kwa kila silabi, yakitoka makofi 7 umeipata.

Kosa la pili ni mkazo. Tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na "amanezca" inakubali. Lakini "enloquecer" (kupata wazimu) na "irá" (ataondoka) zinakazwa mwisho kabisa: -CER, i-RÁ. Ukisema "Íra" unasikika mgeni papo hapo. Na ile j ya "reloj" ni kh ya kheri, nyepesi, karibu imezwe.

Mwimbaji Luis Miguel naye aliurekodi upya 1997 kwenye albamu ya Romances. Sauti ipo, sibishi, ila vinanda vinajaa mno hadi ule usiku wa watu wawili unakuwa ukumbi. Ingawa... kwa kujifunza matamshi, huyu ndiye anayesikika wazi zaidi. Haya, anzeni naye, kisha mhamie kwa Los Tres Caballeros.

Kusikiliza mtandaoni ni bure ukivumilia matangazo. Anayetaka santuri asome jalada kwanza kabla ya kutoa hela, aone jina la kundi, maana waimbaji walioutoa wimbo huu ni wengi mno. Na wapenzi wa tamthilia: Itatí Cantoral, aliyeigiza kama Soraya katika tamthilia ya Mexico María la del Barrio, ni binti wa mtunzi huyu!

Video ijayo ni La barca, wa Cantoral huyohuyo. Kule mwanamke anasemeshwa uso kwa uso, na anaagwa kabisa. Jiunge na chaneli, bonyeza kengele, halafu niandikie chini mstari unaokushinda kutamka.