Xiaolongbao za friza: angalia kitako kwanza

Jumamosi nilipika xiaolongbao kumi na mbili, nikala kumi na mbili kavu. Mchuzi wote ulikuwa chini kwenye maji ya sufuria, umetawanyika macho ya mafuta, na maji yale yalinukia vizuri kuliko chakula chenyewe. Mfuko niliununua duka moja la vyakula vya Asia hapa Seattle, bei imepunguzwa, na mimi nikiona bei imepunguzwa akili hunitoka. Wiki hiyohiyo wasomaji wawili wakaniandikia kilio kilekile: dada, zimenata, zimechanika, mchuzi hakuna. Haya, tuongee.

Kwa ambaye hajawahi kuzila: hivi ni vifurushi vya nyama vya Nanxiang, pembezoni mwa Shanghai, vyenye mchuzi ndani. Mchuzi hauingizwi kwa sindano. Ngozi ya nguruwe huchemshwa mpaka supu yake ikipoa inaganda kama jeli. Jeli inakatwakatwa, inachanganywa na nyama, inafungwa kwenye manda, na mvuke ukiipata inarudi kuwa supu. Kwa hiyo kinachokutenganisha na hasara ni manda tu, na manda huchokea kwenye kitako, pale inapobeba uzito wote.

Lakini watu wananiuliza manda ina mikunjo mingapi pale juu inapofungwa. Mgahawa wa Din Tai Fung wa Taipei umetuzoesha kuhesabu mikunjo 18, basi kila mtu anatazama juu. Mie natazama chini.

Kitako mara nyingi kinaharibikia njiani na dukani. Friza inatakiwa ikae nyuzi 18 chini ya sifuri. Boksi likisahaulika nje wakati mzigo unashushwa, manda inalainika, inanyonya unyevu wa nyama, inajibandika kwa mwenzake. Kisha kijana wa duka anazirudisha kwenye friza kama vile hakuna kilichotokea. Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, na manda iliyolowa inapata ufa mwembamba kama unywele. Ufa huo dukani hutauona, utauona jikoni kwako. Kwa hiyo mfuko utikise. Zikigongana kama kete za bao, chukua. Zikisogea bonge moja, au ndani kumejaa chembe za barafu, rudisha, hata kama kibandiko chekundu kinakuita kwa jina.

Sasa kampuni zinazoziuza za friza: ya kwanza kwangu ni MiLa, wala sijifichi. Walianzia hapa jirani, Bellevue, mwaka 2018, mgahawa mdogo ulioitwa Xiao Chi Jie, yaani mtaa wa vitafunwa. Janga la 2020 ndilo lililowasukuma kuuza za kugandishwa. Mtasema napendelea watu wa nyumbani. Ndiyo, napendelea. Manda yao ni nyembamba na bado inavutika: ukiinyanyua, kitako kinaning'inia na mchuzi wake kama puto lililotiwa maji, kinatikisika, hakichaniki. Bei inauma, nakubali, na kila nikirudi naona inauma zaidi.

Ya pili ni Bibigo, ya Wakorea wa kampuni ya CJ CheilJedang. Manda nene kidogo kwa mdomo wangu. Ila zinakaa kwenye sinia la plastiki, kila moja na kishimo chake, na hapo ndipo waliponikamata: hata ikipasuka kwenye maikrowevu, mchuzi unabaki kishimoni, unaunywa kwa kijiko na hakuna aliyekuona. Kwa chakula cha kazini sina neno.

Za maduka ya vyakula ya Trader Joe's nazo ni za sinia, sita kwenye boksi. Sita! Huko ni kuonja, si kula. Kwa anayejaribu mara ya kwanza, sawa.

Mifuko ya bei rahisi kuliko hizo: tikisa, omba Mungu.

Ndugu zangu msiokula nguruwe, picha ya kuku kwenye boksi isiwatulize. Nyama inaweza kuwa ya kuku na jeli ikawa ya mnyama mwingine. Soma viungo mpaka mstari wa mwisho, na kama gelatini haikutajwa imetoka wapi, acha hapohapo. Na kuku mwenyewe asipoandikwa halali, msimkisie.

Kupika: usiziyeyushe. Zitoke friza ziingie kwenye mvuke moja kwa moja, maji yakiwa tayari yanachemka, dakika 10 hadi 12 kwa zile zisizo za sinia. Chini tandika jani la kabichi, zipeane nafasi ya kidole kimoja. Ukizima moto, funua kifuniko usubiri dakika moja. Dakika hiyo wengi hawaisubiri, na ndiyo inayoponya kitako: manda inakaza kidogo, inaachia jani yenyewe. Shika kishungi cha juu, weka kwenye kijiko, toboa kwa jino, nyonya taratibu, ndipo utie siki nyeusi ya Zhenjiang na tangawizi iliyokatwa kama uzi. Mimi ulimi wangu una alama ya haraka.

Kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni, si hao niliowataja, aliyenitoza nauli ya mzigo karibu nusu ya bei ya chakula, kwa sababu ya barafu kavu, alisema. Boksi likaachwa mlangoni saa saba mchana, mwezi wa Julai, bila hata kugonga. Nimerudi saa kumi na moja nakuta barafu kavu imeshatoweka na xiaolongbao zangu zimekuwa chapati moja. Nikatuma picha. Siku tatu baadaye wakanijibu kwa furaha kabisa: nimepewa punguzo la asilimia 10 kwa mzigo ujao, nauli haimo.