Kurasa Zilizochanwa za A Passage to India

Riwaya hii ya Mwingereza E. M. Forster, iliyotoka mwaka 1924, niliinunua muda mfupi kabla ya masika kwa shilingi 7,000, kutoka kwa kijana anayepanga vitabu vya mitumba juu ya turubai pale Posta, Dar es Salaam. Jalada lilikuwa zima, na ndani kitabu kilinukia kabati la watu, harufu ambayo mimi huihesabu kuwa sehemu ya bei. Kwa siku kadhaa nilikisoma nikiwa nimesimama ndani ya mwendokasi, kwenda na kurudi Kimara, wala sikumbuki kusukumwa. Kisha nikafika mahali ambapo Daktari Aziz anamshika mkono Bi Adela Quested wakipanda mwamba kuelekea mapango ya Marabar, nikafunua ukurasa, na Aziz huyo huyo yuko stesheni ya treni anakamatwa na polisi. Katikati palibaki vipande vya karatasi vilivyosimama kama meno ya msumeno. Mtu alikuwa amechana kurasa kumi na kitu, tena zile zile ambazo kesi nzima imesimama juu yake.

Kesho yake nilimrudia muuzaji, nikamsalimu kwa adabu, nikamwonyesha. Kitabu hakukipokea hata mkononi. Alilitazama lile pengo huku akitafuna karanga, akasema, "Mama, hizo kurasa hazina kitu. We endelea mbele."

"Mwanangu," nikamwambia, "mtu amekamatwa, na mimi sijui amefanya nini."

Akacheka, akamgeukia mteja mwingine, akamwambia kwa sauti ya kunisikilizisha kwamba siku hizi watu wanataka kitabu cha elfu saba kiwe na kila kitu. Nimefundisha miaka mingi na nimejibiwa ovyo na watoto wa watu, lakini kuambiwa kwamba kurasa hazina kitu, na mtu ambaye ningeapa kwamba hajawahi kufungua hata kimoja kati ya vitabu alivyovitandika, lilinikaa kooni wiki nzima. Nilikusudia kuandika hapa kwamba kitabu hakifai, bila kukimaliza.

Kilichonizuia ni kifungo. Aziz anakwenda kwa mara ya kwanza nyumbani kwa Fielding, mwalimu Mwingereza, na kumkuta anavaa huku kifungo cha nyuma cha kola yake kimeharibika. Aziz anadanganya kwamba anacho cha akiba mfukoni, anachomoa kile alichokivaa mwenyewe na kumpa. Baadaye Ronny, hakimu kijana anayetarajiwa kumwoa Adela, anaikumbuka kola ya Aziz ilivyompanda shingoni, naye anatoa hukumu yake: hivyo ndivyo Wahindi walivyo, mtu anapendeza kuanzia juu hadi chini lakini amesahau kifungo cha nyuma, na huo ndio uzembe wao wa asili. Forster hamsahihishi. Anapita kimya, anakuacha wewe msomaji peke yako unayejua kifungo kimekwenda wapi. Kipande hicho nilikisoma mara tatu, na mara ya tatu nilipitiliza kituo.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam kuna ugeni mwingine. Mji wetu nao ulikatwa vipande, Uzunguni kwao na Uhindini kwao, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukatenga Uhindini na Kariakoo ya Waafrika. Kwa hiyo Mhindi wa ukoloni sisi tumezoea kumhesabu kuwa wa ngazi ya katikati. Kumkuta chini kabisa, wake wawili wa Wazungu wakipanda tonga yake, kigari cha kukokotwa na farasi, nje ya nyumba ya bosi wake bila hata kuitikia salamu, kulinilazimisha kusoma polepole.

Hatimaye mwalimu mwenzangu aliniazima nakala nzima. Nilikaa nayo mezani, chai pembeni, nikazifungua zile kurasa kama mtu anayefungua barua ya madai. Adela anamwuliza Aziz kama ana mke mmoja au zaidi. Yeye, mjane mwenye watoto watatu, anaudhika na kuingia pangoni ili ajitulize, anawasha sigara. Anapotoka, Adela hayupo. Anampiga kofi kiongozi wa njia, anaokota darubini ya Adela ambayo mkanda wake umekatika, anaitia mfukoni. Basi. Nini kilimpata Adela pangoni hakisemwi, wala hakisemwi mbele ya safari. Hata mahakamani, Aziz akiwa ameshtakiwa kwamba alimvamia humo, Adela anakiri tu kwamba amekosea, kwamba Aziz hakumfuata. Forster, aliyehesabu mpaka kifungo cha kola, hapa amechana kurasa zake mwenyewe kabla ya mtu mwingine kuzichana.

Jioni ile nilikasirika kuliko nilivyokasirika Posta, nikakipa kitabu nyota mbili moyoni. Kulipokaribia kucha nilikuwa nimeongeza hadi nne, kwa sababu nilikumbuka wale Wazungu wa klabuni, ambao nao hawakuwa na kurasa hizo na hawakuzihitaji: siku ile ile walishajua Aziz amefanya nini. Mimi angalau nilidai kurasa zangu. Asubuhi nikarudi kwenye tatu, maana sehemu ya mwisho, ya sikukuu ya Wahindu huko Mau, ilinichosha, na sioni kwa nini nijifanye haikunichosha. Leo ninapoandika naelekea nne tena. Kinunueni, ila kwanza kikagueni ukurasa kwa ukurasa.

Kuhusu yule kijana, kauli yake ilikuwa ya utovu wa adabu na sijaisamehe. Lakini alisema kurasa hazina kitu, na kumbe alikuwa amekisoma. Siku hizi nikishuka Posta hupita upande wa pili wa barabara.