Uzoefu wangu: diploma ya ustawi wa jamii, na kwanini sikwenda maendeleo ya jamii

Mwaka jana nimemaliza diploma ya ustawi wa jamii chuo kimoja hapa Dar, sasa matokeo ya form four yakitoka wadogo zangu wa mtaani wananifuata, dada nisome ustawi au maendeleo ya jamii, si kitu kimoja tu? Hapana jamani. Maendeleo ya jamii kazi yako kubwa ni vikundi, unahangaika na vikundi vya kina mama, vijana na wenye ulemavu, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikutano ya mtaa. Ustawi unakaa na mtu mmoja au familia moja na shida yao, mlango umefungwa.

Mimi nilianza na cheti, level 4, nikapanda mpaka level 6 ambayo ndo diploma, miaka mitatu jumla. Darasani nawapa nyota nne, ushauri nasaha na Sheria ya Mtoto ya 2009 walitufundisha vizuri mno, mpaka leo navitumia. Kilichoniuma ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. Unapewa barua tu ukatafute nafasi mwenyewe, nimezunguka wiki mbili kwa nauli yangu, halafu mwalimu kaja mara moja tu kasaini logbuku, lile daftari la kazi za kila siku, kaondoka. Kwa ada tuliyolipa haikuwa haki kabisa.

Ila fildi hiyohiyo ndo iliniambia nipo sehemu yangu. Nilipata ofisi ya ustawi kwenye hospitali, pale ndo wanapohojiwa wagonjwa wasio na uwezo ili wapate msamaha wa matibabu. Kuna bibi alileta mjukuu wake wa miaka 12 kavunjika mguu, bima hana, hela hana, analia na anaona aibu kusema. Afisa aliyekuwa ananisimamia akaiacha meza yake, akavuta kiti akakaa pembeni yake, shikamoo bibi, pumzika kwanza hatuna haraka. Fomu ilikuja baadae sana. Semista nzima ya mahojiano nilikuja kuielewa siku ile.

Ajira za serikali ni kusubiri Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali, mi sasa nipo kwenye makao ya watoto kwa mkataba, mshahara mdogo ila kazi naipenda kweli. Mdogo wangu, kabla hujalipa ada nenda ofisi ya ustawi ya halmashauri yenu, waombe wakueleze siku yao inaendaje, mashauri ya ndoa, matunzo ya watoto, uone kama moyo unakubali. Na chuoni swali la kwanza liwe nani anakutafutia fildi.