Mshahara wa kwanza Kisumu: ulipe HELB au deni la simu kwanza?

Umelipa nyumba Kondele, umetenga nauli ya matatu, umebaki na 5,000. Uipeleke wapi?

HELB, mkopo wa serikali wa masomo ya chuo, inatisha kwa ukubwa wake, lakini riba ni asilimia 4 kwa mwaka: deni la 200,000 linazaa 8,000. M-Shwari, mkopo unaochukua kwa simu, hutoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Kopa 10,000, lipa, kopa tena kila mwezi. Mwaka ukiisha umetoa 9,000 za ada tu. Deni dogo, mdomo mkubwa.

Mimi ningemaliza la simu kwanza, hata kile kimkopo cha kununulia omena tarehe 25. Ila makato ya HELB yasikatike: faini ya kutolipa ni 5,000 kwa mwezi, zile zile ulizokuwa unazipangia.