Nimelipa "kuondolewa penalti ya linki", faili moja likaturudisha nyuma

Nyota mbili. Hapana, moja. Nitaamua nikifika chini.

Ni ofisi ya masoko ya mtandaoni hapa Nairobi, upande wa Ngong Road, inayojitangaza kwamba inatoa tovuti kwenye penalti, yaani adhabu ya Google. Tovuti yetu niliyowapa ni ya kukodisha mahema na viti. Ndani ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, kulikuwa na taarifa ya hatua ya mkono kuhusu linki zisizo za asili (za kununua, si za kutajwa kwa hiari), yaani mtu wa Google alikaa, akaangalia, hakupendezwa. Hiyo si sawa na kushuka tu. Tangu Penguin, kichujio cha Google cha linki mbovu, iingizwe mwaka 2016 kwenye algoriti kuu (hesabu za kompyuta zinazopanga matokeo), linki nyingi mbovu hupuuzwa kimyakimya na mwenye tovuti haandikiwi chochote. Ukiandikiwa, ujue kuna kazi.

Na kazi ilikuwa imeshaanza. Faili la kukana linki, yaani orodha ya kuiomba Google isizihesabu, lenye domeini (majina ya tovuti) zaidi ya mia tano, lilikuwa limeshapakiwa. Niliwaambia kwa mdomo, nikawaambia kwa WhatsApp. Wakajibu, "Sawa madam, tutaongezea."

Haliongezewi! Hapa ndipo damu inanichemka. Zana ya Google ya kukana linki hushika orodha moja tu kwa kila tovuti. Ukipakia faili jipya, la zamani linafutika lote. Anayetaka kuongeza hupakua la zamani kwanza, akabandika mistari mipya chini yake, kisha akapakia yote kwa pamoja. Dakika tano. Wao walipakia la kwao lenye mistari arobaini na moja, na zile mia tano zikarudi mgongoni mwetu.

Hiyo arobaini na moja nayo uione. Kila mstari ni anwani ya ukurasa mmoja. Tovuti za kuuza linki hurudia linki ileile chini ya kila ukurasa, kwenye kumbukumbu za kila mwezi, ukurasa wa pili, wa tatu, wa mia. Kukana ukurasa mmoja hapo ni kuteka maji kwa pakacha. Huandikwa domain:mfano.com, bila https, domeini moja kila mstari, na yote inafagiwa. Kuna mahali wameandika anwani inayoishia na /tag/ wakidhani wamekamata folda nzima. Zana haijui folda, imekamata ukurasa huo mmoja. Angalau faili lilikuwa .txt la UTF-8 na maelezo yao yalianza na alama ya #. Hayo walipatia, tuwape.

Kisha wakaitumia Google ombi la kufikiriwa upya. Sentensi tatu: tumesafisha kila kitu, tafadhali mtusamehe. Anayesoma pale anataka kujua linki zilipatikanaje, nani aliandikiwa azitoe, lini, alijibu nini, zipi zimetoka na zipi zimegoma. Kukana peke yake hakutoshi. Kwanza unajaribu kuzing'oa, au unamwomba mwenye tovuti uliyemlipa aweke rel="nofollow" au rel="sponsored", alama za kuiambia Google isiipe linki hiyo uzito, na rekodi ya barua ulizotuma ndiyo ushahidi wako. Hawa hawakutuma barua hata moja. Baada ya wiki kadhaa jibu likaja: limekataliwa, pamoja na mifano ya linki tatu zilizobaki. Zote tatu zilikuwa kwenye faili la zamani. Zote!

Nisiwanyime haki yao lakini. Kuna dada pale aliyepakua linki kutoka Search Console, akatoa zilizojirudia, akazipanga kwa domeini kwenye Excel, pembeni akaweka safu ya maneno yanayobonyezwa. "Kukodi mahema Nairobi", herufi kwa herufi, kwenye domeini mia na ushee, nyingine za kamari, nyingine za Kirusi. Ukiziona zimepangwa hivyo hujiulizi zipi zilinunuliwa, maana mtu anayekutaja kwa hiari yake huandika jina la biashara au "bonyeza hapa". Kazi safi kabisa. Kwa hiyo mbili.

Halafu nikampigia msimamizi kuuliza nakala ya faili la zamani iko wapi. Kumbe hata hakuipakua. Akanijibu, "Mama, hii ni algoriti, huwezi kuielewa." Algoriti! Kwenye hatua ya mkono! Akanitumia "alama ya sumu" ya asilimia 78 kutoka programu fulani ya kulipia, kana kwamba ni Google imeitoa. Google haina alama hiyo, ni makisio ya programu yenyewe. Akaongeza kwamba penalti ikitoka tutarudi namba moja. Namba moja ile ilibebwa na linki hizohizo. Ukizikana, nguvu yake inaondoka nazo.

Moja, basi. Ukiwa bado unataka kuwapa kazi, waongeze kwenye Search Console kama watumiaji kamili tu na umiliki ubaki kwako, kwa sababu mwenye umiliki ndiye anayeweza kupakia faili lile. Wakuletee, ulifungue kwa Notepad, uhesabu mistari, upakie mwenyewe.

Deposit niliyotuma kwa M-Pesa bado haijarudi na msimamizi hapokei simu. Akipokea nitaongeza nusu nyota, na hiyo ni ya yule dada wa Excel.